Kipimajoto ndani ya soksi: siku saba Tabora na Kigoma nikitafuta nyumba isiyochemka

Nimerudi Morogoro wiki ya tatu sasa, na majirani bado wananiuliza nilikwenda kufanya nini Tabora mwanzoni mwa mwezi wa kumi, mwezi ambao hata wenyeji wanaulalamikia. Jibu ni kiwanja. Mama aliniachia kiwanja Ipuli, nina ramani niliyochorewa na kijana wa mtaani kwetu, na nina mvutano na mke wangu, ambaye anataka viyoyozi vitatu. Utoto wake wote alilala chini ya bati la Tabora na hataki kurudia. Mimi nikasema kabla ya kununua hata kimoja, niende nikaone waliojenga nyumba zinazojipoza. Akanijibu, "Nenda, ila upime. Usiniletee hadithi." Ndiyo maana nikanunua kipimajoto kidogo cha ukutani, elfu kumi na mbili, nikakisokomeza ndani ya soksi kisivunjike.

Haya nimeyaunganisha kutoka kwenye daftari na picha za simu. Pale mwandiko ulipolowa, nimeruka.

Siku ya kwanza: Morogoro, Dodoma, Tabora

Treni ya umeme mpaka Dodoma haina cha kusimulia, na hiyo ndiyo sifa yake. Dodoma nikapanda basi la Tabora kupitia Manyoni na Itigi. Mbele ya Itigi tairi la nyuma likapasuka, spea nayo ikakutwa haina upepo. Tulikaa saa mbili na nusu kwenye vichaka. Mama mmoja aliyekuwa akirudi Sikonge alifungua kikapu akatugawia michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga, watu sita tusiojuana, akakataa hata mia tano. Alipoona soksi yangu akauliza kama nimebeba dawa ya mganga. Nilipomwambia ni kipimajoto cha kupimia nyumba, akacheka. "Nyumba ya Tabora haipimwi, baba, inavumiliwa."

Tulifika saa tano usiku. Gesti elfu ishirini na tano, bati, siling bodi, dirisha moja linaloangalia ukuta wa jirani. Saa sita usiku kipimajoto kinasoma 30, wakati nje kwenye korido ni 24. Nililala na mlango wazi, mkoba nikiufanya mto.

Anayepita njia hii: beba maji ya kutosha na chenji ndogo ndogo. Na ukifika gesti usiku, usiulize kama kuna feni. Uliza kama kuna madirisha mawili.

Siku ya pili: fimbo ya Ipuli, kisha Kwihara

Jirani wa kiwanja ni mzee aliyekuwa fundi mwashi maisha yake yote. Nilimkuta chini ya mwembe. Shikamoo, marahaba, habari za marehemu mama, chai ya tangawizi, halafu ndipo nikatoa ramani. Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Kaskazini iko wapi humu?"

Nilitafuta mshale. Haukuwepo.

Mzee akachomeka fimbo ardhini, akaninyooshea kigoda. Tukasubiri. Siku zile za mwanzo wa Oktoba jua linapita utosini kabisa kwa Tabora, na kwa kuwa Tabora iko mbali magharibi mwa nchi, utosi wake haufiki saa sita kamili. Ilikuwa saa sita na nusu na dakika chache kivuli cha fimbo kilipokwisha, kama mtu amekimeza. Akaniambia niangalie vizuri: saa hiyo ukuta wowote uko salama, anayepigwa ni paa peke yake. Mwezi wa sita jua linasogea kaskazini, Desemba linasogea kusini, na upenu mpana unalizuia pande zote mbili kwa sababu bado liko juu. Lakini jua la saa kumi jioni linakuja chini chini kutoka magharibi na linapita chini ya upenu wowote, linaingia ndani kama mgeni asiyebisha hodi.

Ramani yangu ilikuwa na sebule na vyumba viwili vya watoto vikiangalia magharibi, na madirisha makubwa ya vioo, kwa sababu barabara iko huko.

"Geuza nyumba," akasema. "Upande mrefu uangalie kaskazini na kusini. Magharibi weka stoo, choo, na mti. Kugeuza karatasi ni bure."

Mimi niliyekwenda kutafuta teknolojia nilijiona nimepata hasara na faida siku moja.

Alasiri tukachukua bodaboda mbili kwenda Kwihara, kilomita chache nje ya mji, elfu sita kila moja kwenda na kurudi pamoja na kusubiriwa. Ni lile tembe, nyumba ya kale ya kuta za udongo, alimokaa Livingstone kwa miezi kadhaa mwaka 1872, ambalo siku hizi ni makumbusho. Wengi huenda kwa ajili ya Mzungu. Mimi nilikwenda kwa ajili ya kuta. Kipimajoto nje kivulini: 33. Ndani, baada ya kukiacha dakika ishirini juu ya ubao: 27. Hakuna pangaboi wala tundu la umeme la kuchomekea kitu. Ukuta mnene wa udongo unapokea joto taratibu sana, kiasi kwamba jua linazama kabla joto halijafika upande wa pili. Kisha usiku unatakiwa ufungue, hewa ya baridi ipite iupoze ukuta, kesho uanze upya. Ukiufungia usiku, ukuta huo huo unakurudishia joto lote kitandani.

Nikaanza kusifia mababu. Mzee akanikatisha. Babu yake alikuwa na tembe, paa bapa la miti na udongo, na kila kabla ya mvua familia nzima ilipanda juu kulikandika. "Mwaka mmoja ukisafiri, mwaka wa pili unalala umekaa kwenye kona. Na mchwa nao hawasafiri." Mabati yalipofika, akasema, hakuna aliyelia.

Siku ya tatu: tofali

Siku nzuri kuliko zote. Mzee alinipeleka kwa kijana wake wa zamani anayefyatua matofali ya kufungamana, nje kidogo ya mji. Njiani tulipita tanuri mbili za tofali za kuchoma, na kando yake lundo la magogo lililonizidi urefu. Tabora ni nchi ya miombo. Miombo hiyo ndiyo inayotoa asali, ndiyo inayokausha tumbaku, na ndiyo inayochoma tofali. Mti hauwezi kufanya yote matatu.

Tofali la kufungamana halichomwi. Ni udongo wenye mchanga wa kutosha, saruji kidogo, na maji ya kuufanya ushikane tu, kisha unakandamizwa kwenye mashine ya mkono. Lina ulimi juu na tundu chini, kwa hiyo mstari wa tofali unakaa juu ya mwingine bila kutandaza udongo wa kujengea kila mahali. La kwake ni sentimita 30 kwa 15 kwa 10, yaani kama 33 kwa kila mita ya mraba ya ukuta. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unamtolea tofali 70 hivi.

Nilitaka kuona udongo unavyopimwa, na hapa niombe uvumilivu. Alichukua chupa ya jamu, akatia udongo mpaka theluthi, maji, chumvi chembe chache, akatikisa mpaka mkono ukachoka, akaiweka juu ya jiwe. Mchanga ulitua palepale. Tope laini likafuata polepole, na ule mfinyanzi ukabaki ukielea kama maziwa. Alisema tutausoma kesho. Kisha akanionyesha kisanduku chembamba cha mbao, urefu sentimita 60, alichokijaza udongo mbichi wiki iliyopita. Ulikuwa umesinyaa na kuacha pengo kwenye ncha. Akaingiza kidole, kikaingia mpaka ukucha ukapotea. "Huu una mfinyanzi mwingi. Nikiutumia hivi hivi, tofali linapasuka likiwa bado linanitazama." Dawa ni kuongeza mchanga, si kuongeza saruji. Udongo wa kichuguu, ambao kila mtu Tabora atakuapia kuwa ndio bora, aliufanyia kipimo kile kile mbele yangu bila kuujali jina lake.

Nilivuta mpini mara nne. Tofali langu la kwanza lilitoka na kona moja imeliwa. La nne akaliangalia, akaliweka kwenye safu pamoja na yake, na sikusema neno lakini nilipiga picha.

Kinachoua tofali hizi ni haraka. Zinatakiwa zifunikwe nailoni kivulini na kunyunyiziwa maji siku saba, kisha ziachwe, siku 28 kwa ujumla, ndipo zibebe nyumba. Wateja wanakuja siku ya tano na lori. Akanionyesha lundo la mteja mmoja wa namna hiyo: ukikwangua kwa msumari linatoka unga.

Kwa nini nipoteze muda na tofali za saruji kidogo? Kwa sababu saruji hutoka kwenye mawe ya chokaa yanayochomwa kwa joto la kama nyuzi 1,450, na mbali na moshi wa moto wake, jiwe lenyewe linatoa kaboni dioksidi likiiva. Viwanda vya saruji vya dunia nzima vinabeba asilimia 7 hadi 8 ya kaboni dioksidi yote inayotolewa na binadamu. Watu wanaponiambia jengo la kijani ni lile lenye sola juu, siku hizi nawauliza limejengwa kwa nini.

Chakula cha mchana: ugali, mlenda na uyoga mkavu, elfu tatu kwa mamantilie jirani na eneo. Akakataa nilipie chai.

Siku ya nne na usiku wake: kwenye reli

Asubuhi soko la Tabora, asali lita moja. Nusa kwanza, yenye harufu ya moshi mwingi iache. Jioni garimoshi la Kigoma. Reli hii Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914. Urambo, Kaliua, Nguruka, usiku mmoja mrefu. Dirishani vichuguu vilipita kama watu waliochuchumaa mpaka giza likavimeza.

Kiti cha mbele yangu alikaa muuguzi anayerudi kazini. Alipojua safari yangu inahusu nini, akanisimulia zahanati aliyowahi kufanya kazi: paneli nne nzuri juu ya paa, taa za kujifungulia, furaha ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu betri zikachoka. Hakuna aliyekuwa ameambiwa kuwa betri inazeeka mapema kuliko paneli, wala bajeti ya kuzibadilisha haikuwepo. "Paneli bado ziko pale, zinang'aa. Tukawa tunazalisha kwa tochi ya simu." Alisema bila hasira, akaniazima shuka lake la akiba kwa sababu alfajiri behewa lilikuwa la baridi. Kipimajoto: 17.

Kwa wasafiri: tiketi kata mapema kwenye dirisha la stesheni, nauli zinabadilika. Nguruka kuna samaki wa kukaanga dirishani hata usiku wa manane. Shuka ni lazima.

Siku ya tano: Kigoma

Uvinza nilikuwa nimelala. Stesheni ya Kigoma ni ya zamani zile zile za Wajerumani, kuta nene, matao, na baraza lenye kivuli. Nilikaa chini ya tao dakika kumi bila sababu, kisha nikakumbuka sababu: palikuwa pa baridi.

Dada yangu anakaa Mwanga, hapo hapo mjini. Siku hii ilikuwa ya mgebuka wa kuchoma, ugali wa muhogo, mawese, na usingizi.

Siku ya sita: jengo lenyewe

Rafiki wa shemeji alinipeleka kwa mhandisi, binti wa miaka thelathini na kitu, anayesimamia jengo jipya la ofisi la ghorofa mbili. Hakutaka nilitaje, nami sitalitaja.

Kitu cha kwanza alichonionyesha kilikuwa pengo. Paa la bati halikukaa juu ya dari, limeinuliwa juu ya kenchi za chuma kama mwavuli, na kati yake na dari hewa inapita toka upande huu hadi ule. Bati linachemka, joto linaondoka na upepo wa ziwa, dari haina habari. Akaniambia wazo hili ndilo alilolitumia msanifu majengo Francis Kéré kwenye shule ya msingi ya kijijini kwao Gando, Burkina Faso, iliyokamilika 2001. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wasanifu majengo hakuna iliyo juu yake. Nikamwambia habari ya vichuguu, akacheka, akanitajia jengo la Eastgate pale Harare la mwaka 1996, ambalo msanifu wake Mick Pearce aliiga namna kichuguu kinavyopumua: usiku hewa baridi inavutwa kupoza zege, mchana ile ya moto inapanda na kutoka juu kwa mabomba. Nikaona ni lile lile tembe la Kwihara, limevaa tai.

Mengine ya jengo nayataja kwa kifupi. Madirisha pande zote mbili za kila chumba, na matundu juu ya milango. Taa za LED. Sola iliyounganishwa na umeme wa gridi, betri chache tu kwa kompyuta. Mji huu uliendeshwa kwa majenereta ya dizeli miaka mingi na watu hawajasahau bei yake. Maji ya kunawia yanashuka kwenye shimo la kokoto na mchanga, kisha kwenye migomba. Mwenye jengo anaomba cheti cha EDGE cha lile shirika la Benki ya Dunia, IFC, ambacho masharti yake ni kupunguza angalau asilimia 20 ya nishati, ya maji, na ya nishati au kaboni ya kutengenezea vifaa vya ujenzi, ikilinganishwa na jengo la kawaida la eneo hilo.

Kipimajoto saa nane mchana, ghorofa ya kwanza: 27. Nje kivulini: 31. Ofisi ya bosi: 29, na kiyoyozi kinaunguruma. Alikuwa ameziba matundu ya juu ya mlango kwa mbao, akaweka vioo visivyofunguka ili kuwe na utulivu. Mhandisi alinitazama tu, akafunga mlango taratibu.

Nilipomuuliza sehemu gani inampa wasiwasi zaidi, nilidhani atasema inveta ya sola. Akanyoosha kidole juu kwenye gata, mfereji wa kukinga maji ya mvua. "Nimeweka ngazi ya chuma ya kudumu pale. Waliniuliza ya nini, inaharibu sura. Bila ngazi hakuna atakayepanda kutoa majani, na tanki la chini la lita elfu arobaini litabaki kuwa bwawa la panya."

Tukapiga hesabu ya nyumba yangu kwenye mgongo wa risiti. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa langu mita 100, mvua ya Tabora tuseme milimita 900: lita 90,000, toa zinazopotea, bado ni nyingi. Nikafurahi. Akaendelea: lakini mvua inakata Mei mpaka Oktoba, siku 180, familia ikitumia lita 100 tu kwa siku ni lita 18,000. Simtanki ya lita 5,000 niliyoipangia ingekauka kabla ya saba saba kwisha vizuri. Ama nijenge tanki chini ya ardhi, ama niiite akiba ya mwanzo wa kiangazi tu na niache kujidanganya.

Siku ya saba: Ujiji, na mvua

Asubuhi daladala mpaka Ujiji. Nilitembea mitaa ya zamani nikipima baraza za watu, na kila baraza lilinigharimu nusu saa na kikombe cha kahawa, kwa sababu huwezi kupima baraza la mtu bila kukaa. Mzee mmoja alinionyesha mtambo wake wa gesi ya samadi uani, kuba la zege lililofukiwa, limejengwa vizuri kweli. Halifanyi kazi. "Mtambo mzima, ng'ombe ndio nimeuza." Anapikia mkaa juu ya kifuniko chake.

Saa tisa wingu likaja kutoka ziwani, upande wa Kongo, jeusi. Mvua ya kwanza ya msimu. Dada akapiga kelele kutoka jikoni: gata! Nyumba yake ina gata, ina simtanki, ina kila kitu, na tangu mwezi wa tano hakuna aliyepanda. Nikaegemeza ngazi ya mbao, mpwa wangu akaishika chini. Nilitoa majani ya mwembe ndoo mbili, kiota, kandambili moja ya mtoto, na kitu ambacho sikukichunguza. Matone yakaanza nikiwa bado juu.

"Mjomba, niingize bomba?"

"Bado! Acha ya kwanza yapite."

Yalitoka rangi ya chai ya maziwa, yana mavumbi ya miezi mitano na vinyesi vya ndege, yakamwagika uani. Tukahesabu kama dakika kumi na tano, mpwa akipima kwa glasi kila mara akiiinua juu kama daktari. Glasi ya nne ikawa safi. Akasukuma bomba, tukasikia simtanki likianza kugonga chini kwa sauti ya ngoma tupu. Bati lilikuwa na kelele hatuwezi kusikilizana, na kipimajoto, nilichokuwa nimekining'iniza kwenye mlango wa chumba cha mpwa, kilishuka kutoka 32 hadi 25 wakati sisi tunabadilisha nguo.

Nilikiacha pale pale. Kurudi ilikuwa siku mbili za usingizi na mabasi, sina cha kuandika. Ramani imegeuzwa, mshale wa kaskazini nimeuchora mwenyewe kwa kalamu nyekundu, na viyoyozi vimeshuka kutoka vitatu hadi kimoja, ambacho mke wangu anasema tutakijadili Oktoba ijayo tukiwa ndani ya hiyo nyumba. Mpwa ananitumia ujumbe kila jioni akitoka shule. Wa jana: "Leo 26 mjomba. Gata nimepanda mwenyewe. Mama kasema hela ya ngazi mpya lini?"